Kichwa Kikiuma Mlimani

(Mazungumzo haya yalitolewa na tabibu mstaafu mbele ya wahitimu wa madarasa ya elimu ya watu wazima wa Rau, Moshi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Mama zangu, kaka zangu, nanyi vijana mliokaa pale nyuma karibu na mlango, karibuni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya afya. Nikauliza, afya ya nini? Mwenyekiti wa darasa akanijibu, "Chagua wewe, daktari." Basi nimechagua kichwa. Sitazungumza juu ya kila kichwa kinachouma, maana tutalala hapa. Nitazungumza juu ya kichwa kinachomuuma mtu anayepanda mlima wetu huu. Vijana wengi wa hapa Rau na vijiji vya jirani wanakwenda kubeba mizigo ya watalii. Na mwaka juzi ugonjwa huo uliingia nyumbani kwangu.

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na miaka 19. Alipata kazi ya upagazi kwa mara ya kwanza. Jioni kabla ya safari alikuja kuniaga. Akaniuliza, "Baba mkubwa, wanasema kule juu kichwa kinauma sana. Nifanyeje?" Je, mimi tabibu wa miaka mingi nilimjibu nini? Nilimwambia, "Wewe ni mtoto wa mlima. Kichwa ni cha Wazungu." Basi. Nikarudi kwenye chai yangu.

Kijana alipofika Horombo kichwa kikaanza. Akanyamaza. Aliogopa kurudishwa chini na kukosa malipo. Kesho yake akapanda na mzigo wake mpaka Kibo. Kule akatapika. Jioni akawa anayumba, hawezi hata kufunga kamba za viatu. Wenzake wakacheka, wakasema huyu amepata wapi mbege huku juu? Mpagazi mmoja mtu mzima hakucheka. Alichora mstari chini kwa fimbo, akamwambia kijana, "Tembea juu ya mstari huu, kisigino kiguse kidole." Hatua ya tatu kijana akaanguka. Yule mzee akasema, "Tunashuka sasa hivi." Kulikuwa na giza na baridi kali. Wawili walimshika mikono, mmoja akabeba taa. Walipofika Horombo alfajiri, kijana alikuwa ameanza kujibu akiitwa jina lake.

Yuko hai. Lakini mimi sikulala vizuri kwa siku nyingi. Nikarudi kwenye vitabu vyangu, nikasoma upya jambo nililodhani nalijua. Haya ninayowaambia leo ndiyo niliyoyakuta.

UKINGO ULIO HAI

Wote hapa mnajua mfongo. Babu zetu waliichimba mifongo kuleta maji kutoka mtoni na kuyapeleka migombani. Nasi tulio huku chini tuna mifereji ya mashamba ya mpunga. Maji yakiwa mengi, mtu anafungua. Zamu yake ikiisha, mwingine anaziba kwa udongo na majani ya mgomba. Ukingo wa mfongo wenyewe haujui kitu. Ni udongo tu.

Sasa fikirini mfongo ambao ukingo wake uko hai. Maji yakija kwa nguvu, ukingo unayasikia, unajilegeza na kupanuka wenyewe. Shamba fulani likiwa na kiu, ukingo wa upande ule unafunguka bila mtu kwenda na jembe. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo ndivyo ilivyo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na kitu. Ni kidogo sana ukilinganisha na mwili mzima. Lakini unakula kama mgeni wa heshima. Katika kila vikombe 100 vya damu inayosukumwa na moyo, vikombe kama 15 vinakwenda ubongoni. Na katika oksijeni yote mwili unayotumia wakati umepumzika, moja ya tano inatumiwa na ubongo. Ukiukosesha oksijeni kwa dakika chache tu, unaanza kufa. Kwa hiyo mishipa yake haiwezi kuachwa wazi ovyo, wala kubanwa ovyo. Ukuta wa mshipa una misuli iliyouzunguka kama pete. Misuli ikikaza, njia inakuwa nyembamba. Ikilegea, njia inapanuka. Swali letu ni hili: nani anaiamuru misuli ile?

Wako wa namna mbili. Wa kwanza ni ukuta wenyewe. Wa pili ni neva, yaani zile nyuzi za fahamu zinazopeleka habari mwilini.

HEWA ISIYOONEKANA

Ndani kabisa ya mshipa kuna ngozi nyembamba mno inayoguswa na damu. Zamani wataalamu waliidhania kuwa kama plasta ya ukutani, kazi yake kufunika tu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Furchgott, alikuwa akipima mishipa ya sungura. Alikuwa akiiwekea dawa iitwayo asetilikolini. Mara mshipa ulegee, mara ukaze. Dawa ni ile ile, sungura ni wale wale. Alipochunguza vizuri akaona kwamba mishipa iliyokataa kulegea ilikuwa imekwanguliwa ile ngozi ya ndani wakati wa kuitayarisha. Palipo na ngozi, mshipa unalegea. Pasipo na ngozi, haulegei. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1980. Basi ilikuwa wazi kwamba ngozi ile inatoa kitu fulani kinachoiambia misuli, "Legeeni."

Kitu gani? Wataalamu walihangaika miaka kadhaa. Mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyefanya kazi Uingereza, lilionyesha kwamba ni hewa. Hewa yenyewe inaitwa nitriki oksaidi. Ni ile ile inayopatikana katika moshi wa magari! Mnaweza kufikiri walivyoshangaa. Hewa ya bomba la gari inatengenezwa ndani ya miili yetu, kidogo kidogo, kutokana na chakula. Mwili unaitengeneza kutoka kwa kitu kiitwacho ajinini, kilichomo katika maharage, karanga, nyama na samaki. Inaishi sekunde chache tu. Inatoka kwenye ngozi ya ndani, inapenya kwenye misuli iliyo jirani, misuli inalegea, na hewa yenyewe inakwisha. Furchgott na Wamarekani wenzake wawili, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hiyo.

Hapa nitatoka njiani kidogo, mnisamehe, maana hadithi hii naipenda. Huyo Nobel ambaye jina lake limo kwenye tuzo alitajirika kwa kutengeneza baruti kali ya kupasulia miamba. Ndani yake mna nitrogliserini. Wafanyakazi wa viwanda vile walikuwa wakiumwa kichwa vibaya siku ya Jumatatu. Siku zilizofuata wanazoea. Jumapili wanapumzika nyumbani, na Jumatatu kichwa tena! Wengine walikuwa wakipaka kidogo kwenye utepe wa kofia siku ya mapumziko ili wasipoteze mazoea. Sababu yake ilijulikana baadaye sana. Nitrogliserini ikiingia mwilini inatoa nitriki oksaidi. Mishipa ya kichwani inapanuka, na kichwa kinagonga. Nobel mwenyewe alipozeeka akaugua moyo, na madaktari wakamwandikia nitrogliserini kama dawa.

Nimeleta hadithi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba mishipa ya kichwa ikipanuka kuliko kawaida, kichwa kinaweza kuuma. Pili, inaonyesha kwamba mwili unazoea, na mazoea yanakwisha mtu akikaa mbali. Yashikeni hayo mawili. Tutayahitaji tukifika Horombo.

NYUZI ZINAZOAMURU

Sasa neva. Mishipa mikubwa ya ubongo imezungukwa na neva kama mmea utambaao unavyozunguka mti. Zipo zinazotoka kwenye kifundo kilicho juu ya shingo. Kazi yake kubwa ni kubana. Damu ikipanda kwa ghafla, kama mtu anapobeba mzigo mzito huku amebana pumzi, neva hizi husaidia kukaza mishipa ili mishipa midogo ya ndani isipigwe na mkondo wenye nguvu. Ni kama mtu anayeziba mfongo siku ya mafuriko.

Zipo nyingine zinazotoka nyuma ya pua, ndani. Hizi zinafungua. Na zinafungua kwa kutumia nini? Kwa kutumia hewa ile ile, nitriki oksaidi. Mwaka 1990 Noboru Toda, mtaalamu wa Japani, alieleza kwamba neva za mishipa ya ubongo zinatoa nitriki oksaidi yenyewe kama ujumbe. Kwa hiyo ukuta wa mshipa unapata hewa hiyo kutoka pande mbili. Ndani inatoka kwenye ngozi, nje inatoka kwenye neva.

Kuna neva za namna ya tatu, na hizi ndizo zinazotuliza. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Daktari anaweza kuugusa na mgonjwa asisikie. Kinachosikia maumivu ni utando unaoufunika na mishipa mikubwa ya damu, kwa sababu imefungwa neva za maumivu. Mishipa ile ikivutwa, au ubongo ukivimba na kuusukuma utando, habari inapelekwa mara moja. Mtu anasema, "Kichwa changu kinapasuka."

Hata ndani ya ubongo hewa hii inafanya kazi. Hivi sasa mnanisikiliza. Kesho mtu akisoma maneno haya gazetini, sehemu ya nyuma ya ubongo wake inayoshughulikia mambo ya macho itafanya kazi zaidi, na mishipa yake midogo itapanuka iipatie damu zaidi. Nitriki oksaidi ni mmoja wa wanaoifungua. Si peke yake, zipo kemikali nyingine. Lakini imo.

TUPANDE SASA

Hapa Rau tuko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mandara ni kama mita 2,700. Horombo ni 3,700 na kitu. Kibo ni 4,700 na kitu. Uhuru ni 5,895. Kule Uhuru kila pumzi moja inaingiza oksijeni kama nusu tu ya ile ambayo mtu wa Tanga anaipata akiwa ufukweni.

Mwili ukikosa oksijeni unafanya mambo mawili, nayo yanavutana. La kwanza, mishipa ya ubongo inafunguka. Ubongo una kiu, mfongo unapanuliwa. La pili, mtu anapumua kwa haraka. Akipumua haraka anatoa nje hewa nyingi ya kaboni, ile tunayoitoa puani, na kaboni ikipungua katika damu mishipa ya ubongo inabanwa. Mmoja anafungua, mwingine anafunga. Kwa mtu mwingi, siku za kwanza, anayefungua anashinda.

Mwaka 1966 Daktari John Severinghaus na wenzake huko Marekani waliwapima watu waliopandishwa haraka hadi mita 3,810. Hiyo ni karibu sawa na Horombo yetu. Saa 6 hadi 12 baada ya kufika, damu iendayo ubongoni ilikuwa imeongezeka kwa 24 katika kila 100. Siku ya tatu hadi ya tano, lile ongezeko lilikuwa limeshuka hadi 13. Mnaona? Mwili ukipewa siku unajirekebisha. Ukikimbizwa, haupati nafasi.

Mambo yakienda vibaya, maji ya damu yanavuja kupitia kuta za mishipa midogo na kuingia ubongoni. Fuvu la kichwa ni kama chungu kilichofunikwa. Halipanuki. Ubongo ukivimba unajibana wenyewe. Ndipo mtu anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka, anasinzia, na asiposhushwa anakufa. Kijana wetu alikuwa ameanza njia hiyo.

"LAKINI SISI NI WATU WA MLIMA"

Hapa ndipo mimi nilipokosea, kwa hiyo nitasema polepole.

Wako watu wa mlima kwelikweli. Wako Watibeti wa Asia wanaoishi juu ya mita 4,000, wao na wazee wao tangu maelfu ya miaka. Mwaka 2007 Serpil Erzurum na wenzake walitangaza vipimo vya Watibeti wanaoishi mita 4,200. Mabaki ya nitriki oksaidi katika damu yao yalikuwa zaidi ya mara kumi kuliko ya Wamarekani wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Damu inayopita mikononi mwao ilikuwa zaidi ya mara mbili. Miili yao imejifunza kufungua njia na kuishi hivyo bila kuumia.

Sisi je? Sisi tumezaliwa miguuni pa mlima. Hata wenzetu wa juu, wa Kibosho na Kilema, kihamba chao kiko chini ya mita 2,000. Juu ya hapo ni msitu. Hakuna Mchagga aliyezaliwa Horombo. Kijana wa Rau akifika Kibo, mishipa yake inashangaa kama ya Mzungu. Tofauti ni kwamba Mzungu amepanda na mkoba mdogo na chupa ya maji, na kijana amebeba mzigo wa kilo 20.

Mtu atasema, mbona wapagazi wa zamani hawaumwi? Ni kweli, anayepanda kila wiki mwili wake umezoea. Lakini kumbukeni wale wa baruti. Mpagazi aliyekaa nyumbani msimu wa masika, miezi miwili hivi, akirudi mlimani ni mgeni tena. Nimewasikia wengi wakisema, "Nimepanda mara hamsini." Sawa. Ya mwisho ilikuwa lini?

Na ugonjwa huu si wa wachache. Watafiti waliowafuata wapandaji zaidi ya 300 wa Kilimanjaro, wakatoa matokeo yao mwaka 2009, waliona kwamba yapata robo tatu yao walipata ugonjwa wa kimo. Wengi kwao ulikuwa mwepesi. Mwanzoni hakuna ajuaye ni wa nani utakaokuwa mzito.

MNAPOKWENDA

Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Hiyo ndiyo kanuni ya madaktari wa milimani. Sasa pigeni hesabu wenyewe, si mmefuzu? Kutoka Horombo hadi Kibo ni mita ngapi? Elfu moja! Ndiyo sababu mtu akilala Horombo usiku wa pili anafanya jambo la akili. Mwambieni hivyo anayewaajiri. Najua si rahisi. Siku ya ziada ni fedha, na mpagazi hana sauti. Lakini mkisema wengi ni tofauti na kusema mmoja.

Kichwa kikianza kuuma, sema. Mwambie mwongozaji, mwambie mwenzako. Usipande zaidi siku hiyo. Panadoli inapunguza maumivu, lakini haikushushi mlima. Pombe na dawa za usingizi ziacheni, zinapunguza pumzi usiku. Iko dawa inayoitwa Daimoksi, inasaidia mtu apumue vizuri na azoee upesi, lakini hiyo ni ya kuandikiwa na daktari.

Mwenzako akiyumba, fanya kama yule mzee. Mstari chini, kisigino kiguse kidole. Akishindwa, msimsubirie asubuhi, wala msimwache ashuke peke yake. Mita 300 hadi 1,000 za kushuka mara nyingi zinatosha kumrudishia akili. Kama kuna oksijeni ya mtalii, mpeni. Mtungi hauulizi kabila.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Mimi nina presha, na kichwa kinaniuma hapa hapa Rau. Je, ni mambo hayo hayo?

Jibu: Mama, mishipa ni ile ile, lakini shida ni nyingine. Presha ikikaa juu miaka mingi, ile ngozi ya ndani inachoka, inatoa nitriki oksaidi kidogo, na misuli ya mshipa inakuwa minene na migumu. Mara nyingi presha haiumizi kichwa kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo. Usingoje kichwa. Nenda kituoni wakupime, na kama umepewa dawa usiiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Kijana mmoja aliuliza: Nikisema kichwa kinauma, nikashushwa, siku zangu za malipo zinakatwa. Utanilipa wewe?

Jibu: Hapana, sitakulipa. Umeuliza kweli. Nakushauri kabla hamjaondoka getini mwulizeni mwajiri mbele ya watu wote: mpagazi akiugua njiani analipwaje? Jibu alitoe mkiwa bado chini.

Mzee mmoja aliuliza: Huyo mtoto wa mdogo wako yuko wapi sasa?

Jibu: Yuko mlimani. Ameondoka Jumanne. Safari hii wanalala Horombo siku mbili, na kabla ya kwenda alipita kwangu. Nilimpa soksi nzito za sufi, na chai tulikunywa wote wawili.